Nimenyang'anywa maiki kwenye mkutano wa bei za bando, halafu AKAIFUTA KWA LESO!

Fundi wa Kihonda:
Wanajamvi, ndiyo kwanza naingia ndani, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Natoka kwenye ule mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bei za bando na dakika. Bwana mwenyewe simtaji, mnamjua. Kila mkutano wa maoni hapa mkoani yeye ndiye mzungusha maiki, suti ya kijivu, kitambulisho kinaning'inia mpaka kitovuni kama kengele ya ng'ombe.

Tangazo lilisema wananchi wote mnakaribishwa. WOTE. Nikafunga cherehani asubuhi, gauni la bi harusi nimeliacha mezani halina zipu, nikasema leo lazima niulize. Nimekaa kiti cha nyuma mpaka saa saba mchana. Wenye makoti wameongea, wameonyesha michoro ukutani, mmoja kaongea muda ambao mimi ningemaliza sare za shule nzima na mashati ya walimu. Nimenyoosha mkono mpaka bega likafa ganzi.

Nikapewa maiki. Nikasema, mimi mishono napokea kwa WhatsApp, mteja anatuma picha, namtumia bei. Nanunua bando la siku la buku, muda ukiisha linakata na MB zangu zimebaki. Zile MB nimezilipia, zinakwenda wapi? Tuliambiwa tangu 2021 kwamba salio la bando unaweza kuendelea nalo, ila mpaka ununue jingine kabla muda haujaisha. Yaani ili nipate changu, nikinunue tena?

Hata sijamaliza, bwana yule akanipokonya maiki. Akasema, "Mama wa bando la buku, subiri kwanza wadau waongee."

Halafu, jamani, akatoa leso mfukoni akaifuta maiki. Akafuta niliposhika, akafuta nilipoongelea, akaizungusha ile sponji nyekundu kama anafuta kikombe cha mgonjwa wa kipindupindu. Ndipo akampa mwenye koti ambaye alishaongea mara mbili.

Ukumbi ukacheka. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mdau ni nani kama si mimi? Kwenye kila vocha ninayokwangua kuna ushuru 17% na VAT 18%, natoa mimi mama wa buku. Wale makoti bando wananunuliwa na ofisi!

Na kabla yangu kuna mzee alikohoa ndani ya maiki ile, kikohozi cha kutoa mapafu nje. HAKUFUTA. Nimekuja mimi na swali langu, AKAFUTA.

Kiroboto Sugu:
Uzi bila picha ya leso ni porojo.

Mzee wa Saba Saba:
Pole sana mama. Ila usikate tamaa na hiyo mikutano. Kuna ile tozo ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine ukiupigia, 2018 ilikuwa sh 15.60 kwa dakika, ikashushwa mwaka hadi mwaka mpaka sh 2 mwaka 2022. Zamani ulikuwa na laini nne kwa kukwepa kupiga mtandao mwingine, leo nani anabeba laini nne? Hayo yalipita kwenye mashauriano kama hayo hayo. Peleka maoni yako kwa maandishi, karatasi haipokonywi.

Fundi wa Kihonda:
Mzee wangu nimekusikia, nitaandika. Lakini karatasi nayo si ataishika yeye? Ataifuta na yenyewe?

Dogo Janja Mjini:
Maza labda ulikula kitunguu cha kachumbari, tuwe wakweli 😂

Binti Uluguru:
@Dogo Janja Mjini kamchekee mama yako. Huyu kauliza swali letu sote. Mmesahau Aprili 2021? Vifurushi vipya vilipoanza, nchi nzima ilipiga kelele mpaka vikasitishwa haraka. Hakuna aliyetufuta midomo siku ile.

Konda Mstaafu:
Bei elekezi ya MB moja walisema kati ya sh 2.03 na 9.35. Sasa nipigieni hesabu, kutoka mbili mpaka tisa hiyo ni bei elekezi au ni uwanja wa mpira?

Mpangaji Mtiifu:
Nyie mnalia na bando, mimi nalia na LUKU. Chumba kimoja, nyumba si yangu, kodi ya jengo nakatwa mimi kwenye umeme. Ilianza buku, sasa ni buku jero. Mwenye nyumba yupo zake barazani anakunywa kahawa.

Kiroboto Sugu:
Mdai mwenye nyumba, sheria inakuruhusu.

Mpangaji Mtiifu:
Nimdai halafu nilale wapi?

Shangazi wa Mazimbu:
Samahani, huyu mleta uzi ni fundi cherehani? Basi na mimi nina la kwangu. Wa kudhibitiwa kwanza ni MAFUNDI. Kitenge changu kiko kwa fundi tangu Pasaka. Kila nikipiga, "njoo kesho dada, nimebakiza kola."

Binti Uluguru:
Shangazi umenigusa penyewe. Mimi nilipeleka kitambaa cha sare ya harusi. Harusi imepita, mtoto kazaliwa, sare bado.

Konda Mstaafu:
Wa kwangu alinishonea suruali mguu mmoja mfupi, akaniambia nisimame vizuri.

Shangazi wa Mazimbu:
Huyo wa suruali yuko karibu na stendi? Ana kibanda cha bluu?

Konda Mstaafu:
Huyo huyo!