Soko la viazi kwa simu: nianze na bei ama mzani?

Mjenzi_Umoja:
Wasee habarini. Mimi na mwenzangu tunatengeneza mfumo wa kuunganisha wakulima wa viazi na watu wa krispi na chips hapa Nairobi. Tumemaliza ukurasa wa bei, mkulima anaona gunia ni ngapi leo, kiwanda kinaweka oda. Wiki iliyopita tulienda Njabini, huko Kinangop kwa wakulima, kuonyesha watu, wakaangalia simu wakasema ni poa, halafu jioni hao hao wakauzia broka, na bei yetu ndiyo ilikuwa juu. Imenisumbua sana. Tumekosea wapi? Hata kama ni kuvunja yote tuanze upya niko tayari.

Mama_Waru_Kinangop:
Karibu kijana. Broka akija anakuja na magunia, vijana wa kuchimba, kamba, sindano ya kushonea, na kanta, ile lori ndogo, imesimama huko kwa lami. Wewe umekuja na bei. Nikishakubali bei yako nani anachimba? Na hii aina yetu ya viazi, Shangi, haingoji mtu, ukiichimba wiki chache tu imeanza kumea, ukiiacha chini na mvua inanyesha inaoza. Sisemi broka ni mzuri. Msimu uliopita mmoja alijaza gunia hadi ikawa na kilemba, viazi vikapita mdomo wa gunia, juu wakaweka nyasi wakashona, nikahesabiwa gunia 14, na ile sheria ya gunia lisizidi kilo 50 iko tangu 2019 sote tunaijua. Nikaomba mzani akacheka. Sasa wewe ukileta mzani shambani, upime mbele yangu, meseji iingie hapo hapo kilo ni ngapi na pesa ni ngapi, kwa kabambe yangu, simu ya vibonyezo, bila bando, hautanibembeleza.

Krispi_Kariobangi:
Ndugu, hata huku kwetu shida si bei. Nikiagiza "viazi" naletewa Shangi, na Shangi ni ya chips, mimi wa krispi nataka Dutch Robjin, haina maji mengi ndani. Kabla tushushe mzigo natoa viazi vitano kutoka katikati ya gunia (juu huwa wamepanga vizuri), nakata slaisi nyembamba natupa kwa mafuta. Zikitoka rangi ya dhahabu tunaongea. Zikitoka kahawia hizo zina sukari, mara nyingi zimekaa mahali pa baridi, na hakuna mtu atanunua hiyo pakiti. Kwa hivyo kwa oda weka aina, saizi na siku ya kuchimbwa, na usitegemee picha, sukari haionekani kwa picha. Halafu nikikataa mzigo nani analipa lori? Broka nikimkataa anageuza kanta anaenda kuuza soko la Marikiti alfajiri, hiyo hasara anaibeba yeye. Mfumo wako utaibeba aje?

Mjenzi_Umoja:
Mama hiyo ya kamba na sindano sikuwa nimeiona kabisa. Na pesa je? Nilifikiria kiwanda kitume kwetu kwa M-Pesa kwanza, tushikilie, mzigo ukikubaliwa tunatumia mkulima.

Mhasibu_SouthB:
Hapo kwa kushikilia simama kwanza. Kuna sheria ya mifumo ya malipo ya 2011, iko chini ya Benki Kuu, ukishika pesa za watu na kuzituma unatakiwa uwe na leseni. Tafuta benki izishike, nyinyi mtoe tu ruhusa ziachiliwe. Na mama asingoje hadi viazi vikaangwe Kariobangi ndio alipwe, sehemu moja aipate mzani ukisomwa, ingine mzigo ukikubaliwa. Nilifanyia kampuni moja ya mboga, tulikuwa tunalipa baada ya siku 30, msimu wa pili wakulima hawakushika simu zetu.

Mama_Waru_Kinangop:
Hiyo ya kulipwa mara mbili naikubali, bora ya pili isilale. Na hao vijana wa kuchimba msiwaache nje, ni watoto wetu, waingizeni kwa mfumo walipwe kwa gunia.

Mjenzi_Umoja:
Sawa mama. Ukurasa wa bei tunauweka kando, tunatafuta mzani wa kuning'iniza na magunia ya kilo 50, tuanze na shamba lako, na kwa sababu ni Shangi nitatafuta mtu mmoja wa chips. Unachimba lini?

Mama_Waru_Kinangop:
Jumanne. Kuja na gambuti, kwangu kanta haifiki, tunabeba kwa punda hadi lami.