Ushauri: Naendesha timu ya mpira Dodoma, wazee wananisukuma udiwani 2030. Niachie timu sasa au niende nayo?

Katibu wa Kambi (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu,

Mimi ni katibu wa timu moja ya mpira hapa Dodoma mjini, tupo madaraja ya chini, jina la timu naomba niliache. Cheo ni katibu ila kazi ni zote: usajili, leseni za wachezaji, basi la kwenda Singida au Tabora, posho, faini za chama cha mpira, hadi kumbembeleza mwenye nyumba ya kambi asitutoe katikati ya msimu. Riziki yangu ni duka la vifaa vya ujenzi, si mtumishi wa umma. Naishi Nkuhungu.

Tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 upite, wazee wa mtaani na baadhi ya wajumbe wa chama wananifuata: jipange, 2030 uchukue fomu ya udiwani. Hoja yao ni kwamba aliyeweza kuiweka timu hai bila mfadhili hawezi kushindwa kata. Nisiwafiche, nimeanza kuitamani. Na nikiingia nisingependa kuishia udiwani, nautazama umeya.

Shida ni timu. Kuna wanaosema timu ndiyo jukwaa langu, nikiiacha hakuna atakayenikumbuka. Mke wangu anasema nikigombea huku naishikilia, nitaizika. Wenye uzoefu naombeni mawazo. Nawasilisha.

---

Mwana wa Zabibu

Katibu, lipeni kwanza posho za wachezaji ndipo mje kutuongoza na sisi.

---

Katibu wa Kambi

Mkuu, timu yetu haidaiwi. Labda unaizungumzia nyingine.

---

Mwana wa Zabibu

Haidaiwi? Basi ugombee urais kabisa.

---

Mtendaji Mstaafu

Kijana wangu, nimekuwa mtendaji wa kata hadi nastaafu, na madiwani wa kila aina nimekaa nao meza moja. Hiyo hoja ya wazee ina nusu ya ukweli.

Kwenye timu, ukisema basi linaondoka saa kumi alfajiri, linaondoka. Diwani hana basi. Barabara ya mtaa ikikatika watakuja kugonga mlango wako, na barabara ziko TARURA, wakala wa serikali, tangu 2017. Maji yakikosekana watakuja, na maji ni DUWASA. Umeme TANESCO. Mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais. Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti ni wewe na mtendaji ni katibu wako, lakini bosi wa huyo mtendaji hakai kwenye kikao chako. Unachobaki nacho ni baraza la madiwani kila robo mwaka, kamati za kudumu, na mdomo wako. Diwani aliyewahi kunisumbua kazini, na ninamsifu kwa hilo, alikuwa anasoma makabrasha. Alijua bajeti imeiandikia kata yake nini, na anakuja na karatasi mkononi kuuliza mbona hakijafika.

Halafu hii ni Dodoma, kwa hiyo ongeza ardhi. CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilipovunjwa 2017, kazi ya viwanja ikaja halmashauri pamoja na migogoro yake. Atakuja mtu na barua ya enzi za CDA, mwenzake ana barua mpya, kiwanja ni kilekile. Kwenu mchezaji akisaini timu mbili kuna kamati inakaa, inasoma mikataba, inaamua, msimu unaendelea. Ya kiwanja inaweza kukukuta na ikakuacha, na kila upande utaamini umekula kwa mwenzake.

Ambayo itakusaidia kutoka kwenye mpira ni moja: umezoea kutukanwa Jumapili na Jumatatu unafungua duka. Wengi wanaoingia udiwani hawana hiyo.

---

Kiti cha Mzunguko

Mzee kamaliza upande wa kazi, mimi niseme upande wa kura.

Mleta mada, Jiji la Dodoma lina kata 41. Siku timu yako imejaza watu, toa wa Makole, toa wa Chang'ombe, toa wa Kizota, toa waliotoka Chamwino na Bahi, toa watoto walioruka ukuta. Waliobaki wa Nkuhungu wenye kadi ya mpiga kura ni wangapi? Tena kabla hujafika kwao kuna wajumbe wa kura za maoni, maana kwetu mgombea binafsi hakuna, lazima chama kikupitishe. Wajumbe wengine hata hawajui mnacheza lini.

Umeya ndiyo kabisa. Alexandre Kalil alikuwa rais wa Atlético Mineiro ya Brazil, akachukua nayo Copa Libertadores 2013 akina Ronaldinho wakiwa uwanjani. 2016 akagombea umeya wa Belo Horizonte akashinda, 2020 akashinda tena. Lakini kule meya anapigiwa kura na wananchi wenyewe, kwa hiyo shabiki ana kazi. Kwetu meya anachaguliwa na madiwani miongoni mwao. Mashabiki wako siku hiyo watakuwa nje ya geti. Na huyohuyo Kalil 2022 aliacha umeya akautaka ugavana wa jimbo, akapigwa.

Hapa nyumbani Ismail Aden Rage alikuwa mwenyekiti wa Simba na mbunge wa Tabora Mjini kwa wakati mmoja. Manji akiwa mwenyekiti wa Yanga alishinda udiwani wa Mbagala Kuu 2015, muhula hakuumaliza. Mangungu yeye alianzia bungeni, Kilwa Kaskazini, ndipo baadaye akaja kuwa mwenyekiti wa Simba. Njia zipo za kila namna, ila hao nyuma yao kuna Simba na Yanga. Wewe nyuma yako kuna nyumba ya kambi ya kupanga. 😂

---

Chaga ya Mbele

Mnamtisha bure. Kaka usiachie timu! Bila timu wewe ni mwenye duka la mabati kama wenye maduka wengine wote wa Nkuhungu. Anzisha Kombe la Katibu, mtaa kwa mtaa, mshindi ng'ombe, wa pili jezi. Ukifika 2030 kila kijana anakujua.

---

Hakimu wa Pembeni

@Chaga ya Mbele, huo ng'ombe ndio utakaompeleka TAKUKURU. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaja kukaza zaidi. Mashindano ya kweli yenye kamati na hesabu hayana neno, na aanze sasa wakati hakuna anayegombea. Lakini kombe linaloota miezi mitatu kabla ya fomu, lenye picha yako kwenye jezi, hata wenzako wa chama watalibeba kama ushahidi wa kukukata.

Mleta mada, jambo ambalo halijaguswa: timu yenu inaomba chochote halmashauri? Uwanja wa mazoezi, msaada wa nauli, eneo?

---

Katibu wa Kambi

Ndiyo mkuu. Tuna ombi la eneo la uwanja, liko jiji muda mrefu. Wazee wengine ndiyo hesabu yao hiyo, kwamba nikiwa ndani litatoka.

---

Hakimu wa Pembeni

Basi jibu lako liko hapo. Siku ombi hilo linaingia kwenye kamati, diwani mwenye maslahi anatakiwa kuyatangaza na kukaa pembeni. Madiwani pia wanajaza tamko la mali na madeni Sekretarieti ya Maadili. Ukiwa katibu wa timu na diwani, eneo likitoka watasema umejigawia, lisipotoka mashabiki watasema umewauza.

---

Bint Kondoa

Naona wote mmempita shemeji yetu, mke wa mleta mada, aliyesema mumewe ataizika timu. Mimi niko naye.

Kaka, timu yenu inaishi kwenye simu yako. Mwenye basi anakukopesha kwa sababu ni wewe, mwenye nyumba anavumilia kwa sababu ni wewe. Ukianza mikutano ya kata, misiba ya mitaa yote (diwani akikosa msiba anasemwa mwaka mzima) na safari za chama, timu inashuka daraja huku jina la katibu bado ni lako. Halafu mpinzani wako anasimama jukwaani anasema: timu imemshinda, mnampa kata?

Na wachezaji wenu si wa chama kimoja. Siku utakayovaa sare ya chama hadharani, kuna mzazi atamtoa mtoto wake.

Kama kweli unataka, kabla ya udiwani kuna uchaguzi wa serikali za mitaa 2029. Gombea uenyekiti wa mtaa. Hauna posho ya maana, unaamua ugomvi wa mipaka na mbuzi walioingia shambani, ila mtaa utakuonyesha kama unaipenda hii kazi au unapenda cheo. Vijana wa timu wanaokaa kwenye mtaa wako wasaidie sasa waunde kikundi, waombe mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hilo huhitaji udiwani kulifanya.

---

Katibu wa Kambi

Dada nimekusoma, na shemeji yako nimemsomea kwa sauti, anacheka tu jikoni. La uenyekiti wa mtaa sikuwa nimelifikiria.

Swali kwa Mtendaji na Hakimu: nikiamua kuachia, niachie lini? Msimu ndiyo kwanza unaanza na makamu wangu ni mwalimu, hana muda wa safari.

---

Mtendaji Mstaafu

Usiachie katikati ya msimu. Tangaza mapema kwamba msimu ukiisha hugombei tena ukatibu, itisheni mkutano mkuu kwa mujibu wa katiba ya timu. Kati ya sasa na hapo, mwenye basi, mwenye nyumba na watu wa chama cha mpira wazoee kumpigia mtu mwingine, hata kama si huyo mwalimu. Hesabu zikaguliwe, nakala ukae nayo nyumbani. Na benki, toa sahihi yako kwenye akaunti siku ileile ya makabidhiano. Wengi husahau hilo la benki.

---

Kiti cha Mzunguko

Na ile laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako inayopokea viingilio vya mlangoni.

---

Katibu wa Kambi

Umejuaje mkuu 😅

---

Kiti cha Mzunguko

Timu zote za madaraja ya chini ziko hivyo. Ifunge, mfungue ya timu.