Tufe lipi kwa mafuta magumu: Phaze II, Black Widow 2.0 au Purple Hammer?

Mkoba_Ohio
Wakuu, habari za jioni. Msimu huu ligi yetu ya bolingi hapa Columbus imeachana na mafuta yale rahisi ya ukumbi yanayopakwa kwenye njia ya tufe. Sasa wanapaka kwa mifumo ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa: wiki moja Cheetah, mafuta ya urefu wa futi 35, wiki nyingine Shark, futi 48. Nina tufe la Hy-Road la ratili 15, linang'aa kama kioo. Kwenye mafuta ya ukumbi lilikuwa linanibeba, huku kwenye Shark linateleza mpaka mwisho bila kukata kona. Hela ipo ya tufe moja tu. Phaze II la kampuni ya Storm, au Black Widow 2.0 au Purple Hammer, hayo mawili ya kampuni ya Hammer?

Babu_Spea
Black Widow. Kiini chake cha ndani kina diferensho (namba ya uwezo wa kupinda) ya 0.058, Phaze II ni 0.051. Futi 48 zinataka nguvu.

FundiMsasa
Shikamoo Babu, ila hapa tutabishana. Ganda la nje ndilo linalogusa njia, kiini kinafuata. Utafiti wa USBC, chama cha bolingi cha Marekani, kuhusu mwendo wa tufe ulionyesha hivyo hivyo: ukwaruzo wa ganda una uzito kuliko namba za kiini ambazo matangazo yanazipigia debe.

Tatizo la mifumo hii si wingi wa mafuta, ni namna yalivyotandazwa. Ukumbini katikati kumejaa, pembeni kukavu, kwa hiyo ukikosea kulia tufe linarudi, ukikosea kushoto mafuta yanalishikilia. Kwenye mifumo ya mashindano, katikati na pembeni hazipishani sana, huenda 3 kwa 1 au chini ya hapo. Msamaha haupo. Tufe linalokata kona kwa hasira litakugeuzia kosa dogo kuwa spliti, pini zinazobaki zimeachana. Mimi ningechukua Phaze II: ganda lake ni solidi, lisilo na mng'ao wa lulu, linapinda mapema na kwa utulivu, unalisoma.

Na kabla hujatoa hela, hilo Hy-Road lipigwe msasa laini wa Abralon 2000 kupunguza mng'ao. Lipigwe kabla ya mchezo, mechi ikianza hairuhusiwi.

Dada_Poketi
Mbona Cheetah mmeisahau? Toa 31 kwenye urefu wa mafuta, unapata ubao wa njia, ukihesabu kutoka pembeni, ambao tufe linapaswa kuwepo mafuta yanapoisha. 35 toa 31 ni ubao wa 4, pembeni kabisa mwa mfereji. 48 toa 31 ni ubao wa 17, karibu na katikati ya mbao 39. Kwenye ubao wa 4 ganda la resini, kama la Phaze II, likigusa pakavu linaruka vibaya. Ganda la yurethani linapinda taratibu, ndiyo sifa ya Purple Hammer. Ila kwenye Shark usilitoe hata kwenye begi.

Ukinunua Purple Hammer la mkononi angalia mwaka. Yaliyotengenezwa 2016 na 2017 USBC iliyazuia kwenye mashindano yake ya kitaifa 2022, mambo ya ulaini wa ganda. Halafu yurethani hainywi mafuta, inayasukuma mbele. Wenzio wa timu watakununia.

Babu_Spea
Marahaba, Fundi. Mkono wangu wa kizee hauzungushi, ndiyo maana nategemea tufe kali. Kijana ana mkono gani?

Mkoba_Ohio
Kasi kama maili 17 kwa saa, mzunguko wa wastani.

Babu_Spea
Basi Phaze II. Widow litakuishia nguvu kabla ya kufika kwenye pini.

Dada_Poketi
Nami naunga mkono, yurethani ije msimu ujao. Kwenye Cheetah baki na Hy-Road, na usilipige msasa bado. Rusha kwa kasi, ukae pembeni.

Mkoba_Ohio
Nimewaelewa. Duka linataka kutoboa matundu ya vidole kwa vipimo vya Hy-Road, ni sawa?

FundiMsasa
Wakupime upya, hasa kidole gumba.