Likizo hii watoto wadogo mnawapeleka wapi? Tupeane uzoefu (Unguja na Pemba)

Bi Kikwajuni
Assalaam alaykum jamani. Skuli zinafungwa na mie nna wangu watatu, mkubwa darasa la pili, wa kati yuko nasari, mdogo bado wa kubebwa. Kila siku mama twende pikniki, mama twende pikniki, wamesikia kwa wenzao chuoni. Sie tumezoea Forodhani tu, tunakwenda baada ya magharibi wanakula mishikaki na juisi ya miwa wanatazama vijana wanapiga makachu, ule mchezo wa kujirusha baharini kutoka ukutani, basi tunarudi. Sasa yule wa kati anapiga makachu kutoka juu ya kabati nyumbani 😂 bora nimtafutie pengine. Nataka pahala pa kutoka asubuhi kurudi alasiri. Siulizi ya watalii, nauliza nyie mlokwenda na watoto wadogo kweli, nini walipenda, nini kilikushindeni. Tupeane uzoefu.

Ukhty wa Fuoni
Waalaykum salaam. Mie nakwambia msitu wa Jozani. Tulikwenda na wifi yangu, tukakodi hiace tukajaza watoto wa nyumba nzima, mlangoni ukiwa na kitambulisho unalipa bei ya mwananchi sio ile ya mgeni kwa hiyo kitambulisho usisahau. Uzuri wake kima punju wenyewe, wale wekundu wa kwetu Zanzibar, huna haja ya kuwatafuta, wako huko kwenye vichaka karibu na barabara wanakula majani chini chini kabisa, hata mtoto wa miaka miwili anawaona bila ya kubebwa. Mtoto wa wifi akauliza kwa sauti mbona huyu nywele zake kama za bibi, watu wote wakacheka mana kweli zile nyeupe zimemsimama kichwani.

Sasa walichopenda sana watoto sio kima wenyewe, ni kisa cha makaa. Yule anotembeza watu katuhadithia kwamba kima punju huku mashambani wanaiba makaa kwenye matanuri wanayatafuna. Watoto hawakuamini. Akawaeleza kwamba majani ya mwembe na ya mkungu yana vitu vinavyomvuruga tumbo na makaa yanayanyonya yale mabaya, ndo dawa yake. Toka siku ile mwanangu akiumwa na tumbo anataka makaa ya jikoni, nishaficha gunia.

Njia ya mbao ya kwenye mikoko nayo wanaipenda, wanalala kifudifudi wanachungulia kaa kwenye tope. Mkamateni mdogo mkono tu. Kiatu kimoja cha mwanangu kiko kule mpaka leo. Na mbu wapo, kwa hiyo nguo za mikono mirefu.

Kula kuleni garini au nje. Punju ndizi mbivu hana habari nayo, tumbo lake haliwezi vitu vya sukari, lakini wapo kima wale wengine na hao wanajua mfuko wa nailoni una nini ndani.

dereva_wa_Mwera
Kwa wasio na gari, Jozani panda daladala ya 309 au 310 unashuka mlangoni. Nungwi 116, Kizimkazi 326. Ila mwenye watoto asingoje saa tisa kurudi mana gari zinakuja zimeshajaa toka huko, utasimama na mtoto mkononi mpaka mjini. Na wambieni wajisaidie kabla ya kupanda jamani. Sisemi zaidi.

Baba Mapacha
Mie nimewapeleka wangu kisiwa cha Changuu kuwaona kobe. Nianze na baya lenyewe, boti. Tulokodi ilikuwa na laifu jaketi za watu wazima tupu, ukimvalisha mtoto wa miaka minne anatoka kwa chini. Nikamwambia nahodha sipandi, akaniambia baba mapacha bahari shwari hii, nikamwambia shwari ni leo. Tukashuka tukachukua boti nyingine walokuwa nazo ndogo, bei imezidi kidogo, nikalipa bila kunung'unika. Kwa hiyo kabla hujapatana bei, ona jaketi la mtoto kwa macho yako, livalishe, livute kwa juu, likitoka hilo silo. Na nenda asubuhi, khasa huu wakati wa upepo wa kusi, mchana bahari inachafuka na watoto wanatapika.

Kufika ni kama nusu saa hivi. Kobe sasa! Babu zao walitoka Ushelisheli, wanne waliletwa zawadi 1919, na hawa wakubwa migongoni wameandikwa umri, wangu wanajifunza kuhesabu basi wakawa wanasoma tu namba kwa sauti. Unapewa majani unawalisha. Yule pacha jasiri akamsogelea mmoja mkubwa mbele ya uso, kobe akavuta kichwa ndani ghafla akatoa pumzi fssssss, jasiri kakimbia mpaka nyuma ya mama yake, na mwoga ndo akabaki pale anamlisha kwa utaratibu mpaka majani yakesha. Mimi na mke wangu tulitazamana tu.

Lile gereza mkitaka mpite haraka. Lilijengwa 1893 na wala wafungwa hawakukaa, likawa karantini ya maradhi. Mimi nimeona raha kusoma, watoto wananivuta suruali.

Bi Kikwajuni
Baba Mapacha ahsante, hilo la kuvuta jaketi kwa juu sikuwa nalijua. Hivi yule wa kubebwa naweza kwenda nae kwenye boti?

Baba Mapacha
Mie nisingempeleka. Muache kwa bibi yake.

Mamake Chumu
Nyie mnakwenda mbali, sie wa Jang'ombe kwetu kiwanja cha watoto cha Kariakoo ya hapa Unguja. Mapembea yapo, vya kuzunguka vipo, ukichoka unarudi nyumbani kwa miguu. Siku za kawaida jioni ndo pazuri kwa wadogo, hakuna msongamano. Lakini wangu wanataka sikukuu. Sikukuu pili pale hupiti, watoto wote wa mji wana nguo mpya na pesa za sikukuu mkononi, matarumbeta, miwani za plastiki, bastola za maji, mama zao tumevaa vizuri tunapigwa maji.

Sasa nikupeni hili langu. Usiku wa kuamkia sikukuu nilikuwa nawapaka wasichana hina, nikasema nimwandikie na Chumu namba yangu ya simu kwenye mkono, mana kalamu inafutika na jasho. Kalia huyo! Hina ya wasichana, hina ya wasichana, wenzangu watanicheka. Bibi yake akamlaza akamwandikia tumboni chini ya shati hakuna atakaeona. Kesho yake Kariakoo nageuka hivi nalipa tiketi, Chumu hayupo. Wallahi moyo ulisimama. Kumbe yeye kashajijua kapotea, kaenda kwa muuza aiskrimu, kapandisha shati kamwambia nipigie mama. Na bibi aliandika ili mtoto aweze kusoma mwenyewe, kwa hiyo kwa mtu alosimama mbele namba iko kichwa chini miguu juu, yule kijana ananipigia huku anacheka anasema bi mkubwa nimepinda shingo mpaka nimekupata. Nilimnunulia aiskrimu yake mwenyewe.

Mwaka huu hina tumboni kwa watoto wote, na shangazi zake wamenifuata.

Ukhty wa Fuoni
Hahahaha Mamake Chumu umeniua. Nami naiandika hiyo.

Mtu wa Wete
Msitusahau sie wa Pemba, mnajifanya Zanzibar ni Unguja tu. Chake mnapo Tibirinzi pa kuchezea watoto, hapo hakuna maelezo marefu. Mie nataka kusema Kidike, kwa popo. Hawa popo wakubwa wako Pemba tu, duniani kote hamna pengine, na bawa mpaka bawa wanapita mita moja na nusu. Zamani watu wakiwala, na misitu ikikatwa, mpaka wakakaribia kwisha, baadae watu wa vijijini wakawahifadhi wakazaana, sasa wako maelfu.

Niliwapeleka wanangu nikiwa na wasiwasi kwamba wataogopa mana popo kwetu ni kitu cha usiku. Loh. Mchana wananing'inia kwenye miti mirefu wanagombana kwa makelele, jua likizidi wanajipepea kwa bawa moja. Wangu walikaa chini wanatazama juu mpaka shingo zikawauma. Harufu ipo sitaki kukudanganyeni. Na msikae chini yao midomo wazi, huyu wa pili alifundishwa hilo na popo mwenyewe.

Vumawimbi nako pazuri lakini huko hakuna duka hakuna kivuli cha kutegemea, unapita katikati ya msitu wa Ngezi halafu bahari tu na mchanga. Bebeni maji mengi, chakula, mkeka, mwavuli. Huko Ngezi kuna na kima punju wachache, waliletwa kutoka Unguja miaka ya sabini, ila kuwaona ni bahati.

Kijana wa Jambiani
Wa mjini mnakuja kwetu na watoto saa maji yamejaa halafu mnalalamika bahari kubwa. Tizameni mwezi kabla hamjaondoka. Mwezi ukiandama, au ukiwa kumi na nne kumi na tano, ndo bamvua, maji yanakupwa kama saa nne asubuhi na yanakwenda mbali kweli, yanabakisha vidimbwi vya magotini. Mtoto mdogo hapo ndo pake. Anaona viti vya pweza, majongoo ya pwani, samaki wadogo wadogo, anacheza masaa. Wavalisheni viatu, miiba ya baharini haina huruma. Yale mashamba ya mwani ni ya watu, msiwaache watoto wavute kamba wala vigingi, mama zetu wanakula hapo.

Lakini maji yakianza kurudi toeni watoto hapo hapo, msingoje kidogo. Yanakuja kimya na yanapita nyuma yako kwenye mabonde kwanza, unageuka ufukweni kuna mkondo. Hili sifanyi maskhara.

Mamake Chumu
Hapo ufukweni kuna mlinzi wa hoteli moja siku moja alitaka kututoa tulipotandika mkeka. Tukamwambia sisi tuko kwenye mchanga wa bamvua, maji yakija yatatutoa yenyewe. Akaondoka.

Mzee wa Bububu
Mimi ni babu, nasema kidogo. Wajukuu nimewapeleka mashamba ya viungo huko Kizimbani. Msiende ile ziara ndefu ya kila mti, mtoto miti mitano tu keshachoka. Mwambie anotembeza awape vya kunusa na kuchezea. Mzingefuri, ule mti wa rangi nyekundu, wamejipaka mdomo wote mpaka wavulana, mdalasini wameutafuna gome lake, kijana kapanda mnazi na kamba miguuni huku anaimba, kawasukia kofia za makuti. Nguo nyeupe msiwavalishe, zingefuri haitoki. Bibi yao bado anafua.

Bi Kikwajuni
Mashaallah, Allah akulipeni. Baba yao kasoma yote kasema Jozani kwanza, Changuu mpaka mdogo akue, na Jambiani kanambia nimuulize mama mwezi umeandama lini. Kwa Jozani chakula nifunge nini kisichoharibika, mana pilau garini na jua hili naogopa.

Ukhty wa Fuoni
Sambusa, kachori, mayai ya kuchemsha, mkate wa kumimina, na hotpoti ya wali wa nazi muile mapema. Malai za ukwaju zigandishe usiku uzifunge kwenye taulo, mpaka saa sita bado baridi. Na nguo za akiba mbili mbili kila mtoto, viatu pia.

dereva_wa_Mwera
Na mfuko wa kutapikia.