Mjadala: Hifadhi ya bahari ya pamoja ya Kenya na Tanzania ianze na ramani au na haki ya mvuvi?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, kwa miaka kadhaa limekuwapo pendekezo la kuanzisha eneo moja la uhifadhi wa bahari litakalovuka mpaka, kuanzia pwani ya Kwale nchini Kenya hadi wilaya ya Mkinga mkoani Tanga. Linajadiliwa ndani ya Mkataba wa Nairobi, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996, ambao wanachama wake ni nchi kumi: Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Komoro, Madagaska, Morisi, Shelisheli, na Ufaransa kwa sababu ya kisiwa cha Réunion. Ninachouliza ni kama eneo hilo lianzishwe, na kama ni ndiyo, lianze na jambo gani.

Mimi naunga mkono. Anayedhani kwamba kila nchi inaweza kulinda pwani yake peke yake na autazame Mto Umba, unaoanzia milima ya Usambara huko Lushoto na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya. Wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanalinda hekta 460 za mikoko na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, kama walivyotangulia kufanya wenzao wa Gazi. Wanaweza kuhesabu kila mche na kumfukuza kila mkata boriti, lakini mashamba ya mlimani yakimomonyoka, tope litawafikia tu, na hawana ofisi ya kwenda kulalamika kwa kuwa chanzo cha tope hilo kiko nchi nyingine.

Hata hivyo naweka sharti. Mwaka 1976, Kenya na Tanzania zilipokubaliana kuhusu mpaka wao wa baharini, zilikubali pia kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya riziki waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka huo, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba kila nchi itambue leseni za mwenzake kwa wavuvi hao. Ni kifungu kifupi ambacho hutajwa kwa nadra sana katika warsha za uhifadhi. Hifadhi ya pamoja ikianza na ramani na maboya ya kuonyesha mipaka kabla ya kukitekeleza kifungu hicho, itakuwa imewaondolea watu haki waliyonayo kwa karatasi huku ikiwaahidi ushirikiano mpya.

Mchangiaji wa Mkinga

Mleta mada, nakuheshimu, lakini napinga. Sisi tunaoishi jirani na hifadhi tunaujua mpangilio wake: kwanza huja semina na posho, kisha maboya, kisha boti ya doria. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009 ikiwa na kilomita za mraba 552, kwa hoja ya kumlinda samaki wa kale anayekaa kwenye vina virefu ambako mtu wa ngalawa na mshipi hafiki. Silikanti walikuwa wakinaswa na majarife ya kina kirefu, na sikatai kwamba nyavu hizo zilihitaji kudhibitiwa, ila vizuizi haviishii kwa mwenye jarife.

Halafu tazama Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linafikia bahari. Je, chombo cha kusimamia hifadhi hiyo ya pamoja kitakuwa na ubavu wa kuzungumza na wenye meli za mafuta, au kazi yake itakuwa kupima matundu ya nyavu zetu? Mafuta yakimwagika hapo wakati wa kusi, mkondo utayapeleka kaskazini, na watu wa Vanga na Shimoni watayaona ufukweni kabla barua haijafika Nairobi. Hilo ndilo jambo la kikanda hasa. Nikiona limewekwa mwanzoni mwa orodha, nitaanza kusikiliza habari za maboya.

Mchangiaji wa Pemba

Naongeza jambo dogo ambalo wote wawili mmeliruka. Mnasema nchi mbili, lakini mamlaka ni tatu, kwa sababu uvuvi wa pwani si jambo la Muungano. Sisi tunaokwenda dago Kenya wakati wa kaskazi, tukapiga kambi Vanga, Shimoni au Gazi, tunatoka na leseni ya Zanzibar. Afisa wa upande wa pili akiikataa, hatujui twende kwa nani: Dodoma, Unguja au ubalozini? Mkataba wowote usioitaja Zanzibar kwa jina utatuacha hapo hapo.

Mchangiaji wa Kwale

Nami natoka upande wa pili wa mpaka, na nataka niongee kuhusu dago bila kumkwaza ndugu yangu wa Pemba. Wenyeji wa Vanga hawajawahi kugombana na Mpemba wa mshipi; wamekula naye, wamejifunza kwake ufundi, na wengine wamemwoza. Ugomvi ulikuja na ringineti, chombo chenye mashine na watu zaidi ya ishirini, kinachozungusha wavu na kuondoka na kundi zima la vibua kwa usiku mmoja. Kifungu cha mwaka 1976 kinazungumzia wavuvi wa riziki. Je, baharia wa ringineti anayelipwa kwa mgao ni mvuvi wa riziki? Tajiri wa chombo anayekaa mjini je?

Kuhusu maboya, Hifadhi ya Kisite ina kilomita za mraba 28 ambamo hakuna ruhusa ya kuvua, na pembeni yake kuna Mpunguti, kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Watu wa Wasini walinung'unika sana ilipotangazwa, na manung'uniko hayajaisha, ila leo wapo wanaoishi kwa kuwabeba watalii, na wapo wanaotega madema pembezoni mwa mipaka hiyo kwa sababu wanajua samaki hutoka. Kwa hiyo nisingependa tuseme kwamba kila mstari baharini ni dhuluma.

Mleta mada

Ndugu wa Mkinga, kuhusu mafuta nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Pamoja na Mkataba wa Nairobi, mwaka 1985 ilipitishwa itifaki ya ushirikiano wa kupambana na uchafuzi wa bahari wakati wa dharura, kwa hiyo msingi wa kisheria upo. Kinachotakiwa ni mpango wa Tanga na Kwale wenye majina ya wanaopigiwa simu, vifaa vinavyojulikana vilipo, na mazoezi ya pamoja kabla ya msimu wa kusi.

Swali la ringineti ndilo gumu zaidi, na sidhani kwamba litajibiwa na wanasheria. Pendekezo langu ni kwamba vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi wanaosimamia fukwe zao, vya Vanga, Jimbo na Moa ya Mkinga, pamoja na kamati za wavuvi za shehia za Pemba, vikutane vyenyewe kwanza na kuandika orodha moja ya zana: ipi inaingia katika haki ya maili 12, ipi inahitaji kibali cha pande zote, na ipi, kama juya, wavu wa kukokota, haina nafasi popote. Ushirikiano wa bahari za Asia Mashariki uitwao PEMSEA ulianza vivyo hivyo mwaka 1994, kwa majaribio katika ngazi ya miji na mikoa, Batangas nchini Ufilipino na Xiamen nchini China, na tamko la mawaziri lilikuja baadaye, mwaka 2003.

Ndugu wa Pemba, orodha hiyo ikiandikwa, sahihi ya Zanzibar iwekwe kwa mstari wake. Sasa nawauliza wenye uzoefu wa Moa na Jasini, ambao hawajasema kitu: kati ya zana zinazotumika kwenu leo, ni ipi mngekubali kuiacha iwapo na Vanga wataiacha?