Naomba ushauri: kushuka Mto Tana kwa boti la mpira na watu wasiojua kuogelea

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Kikoba chetu kimeamua safari hii hela ya kufunga mwaka isiishie kwenye nyama choma. Tunataka kwenda Sagana, Kenya, kushuka Mto Tana kwa boti la mpira. Njia tumeshapanga: Kondoa, Babati, Arusha, Namanga, Nairobi.

Shida ni maji. Mto ule unatoka Aberdare na Mlima Kenya, na sisi tumekulia kwenye makorongo yanayojaa mvua ikinyesha na kubaki mchanga mtupu. Wengi wetu hawajui kuogelea. Mwenyekiti anasema jaketi la kuokolea linatosha. Mimi nahofia ule mshtuko wa mwanzo: ukitumbukia kwenye maji ya baridi unatweta bila kupenda, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Nimesoma kwamba ukianguka unalala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, wala usijaribu kusimama kwenye mkondo, mguu utanasa kwenye mawe. Kusoma rahisi bwana!

Mliowahi kwenda, asiyeogelea apande au abaki kupiga picha? Nguo za mpira za kuzuia baridi hukodishwa palepale? (Fulana za pamba najua hazifai, zinashika maji.) Mvua za vuli zikizidi huwa wanaahirisha?

Halafu kuna mama mmoja ana presha, na hataki kabisa kusikia habari za kubaki nchi kavu. Tumwambieje?