Kaseti 400 za marehemu mzee: ninunue diski gani na nitumie programu ipi zidumu?

binti_wa_kaseti (Tanga)

Wakuu habari za humu, naombeni ushauri maana nimekwama. Marehemu baba alikuwa mpenzi sana wa taarab, kuanzia 1978 mpaka 1994 hivi alikuwa anabeba redio kaseti yake kwenye kila harusi, hapa Tanga mjini, Pangani, Muheza, anakaa karibu na spika anarekodi usiku kucha. Ametuachia kaseti kama 400, nyingi za dakika 90, na picha za karatasi kama 3000. Baadhi ya kaseti zimeanza kushika ukungu kwahiyo mimi na wadogo zangu tumeamua zote zihamie kwenye kompyuta. Deki ya kaseti ninayo, imefanyiwa sevisi, na kuna kijana anaijua hiyo kazi.

Sasa tatizo. 2021 tulishaanza, tukahamisha kaseti 60 tukaziweka zote kwenye eksteno (diski ya nje) moja. Ikadondoka kutoka mezani, fundi akasema kichwa kimekwangua sahani, ndo basi. Na kaseti 9 kati ya hizo 60 tulishazitupa tukijua kazi imeisha. Mojawapo ilikuwa na sauti ya bibi anaimba na wenzake jikoni siku ya harusi ya shangazi. Mpaka leo inaniuma.

Bajeti ni kama milioni 2.5 za Kitanzania. Mmoja ananiambia ninunue NAS (kompyuta ya nyumbani ya kuhifadhia mafaili), mwingine anasema kanda za LTO (kanda za sumaku za data za kompyuta) ndo wanazotumia maktaba kubwa zinakaa miaka 30, mwingine anasema nipakie zote YouTube nisahau. Mimi nataka kitu nikishaweka wajukuu waje wakikute. Nichukue kipi?

fundi_seva

Pole sana dada, hiyo ya bibi imenigusa. Kabla ya kununua chochote tupime mzigo kwanza, watu wengi wananunua hadwea kabla hawajajua wana GB ngapi. Kaseti 400 mara dakika 90 ni saa 600. WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya stereo ya biti 24 na 48 kHz inakula kama GB 1 kwa saa, kwahiyo una GB 620 hivi. IASA, chama cha kimataifa cha maktaba za sauti, wanasema usishuke chini ya hapo na ukiweza enda 96 kHz, ambayo ni mara mbili, TB 1.25. Picha za inchi 4 kwa 6 ukiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) kwenye TIFF, faili la picha isiyobanwa, kila moja ni kama MB 26, zote 3000 hazifiki GB 80. Jumla huvuki TB 1.5.

Kwa mzigo huo sahau LTO. Kanda yenyewe sio ghali, LTO-9 moja (namba ni kizazi chake) inabeba TB 18, ila mashine ya kuisomea itameza bajeti yako yote na zaidi. Halafu hiyo miaka 30 ni ya kanda ikitunzwa kwenye ubaridi na ukavu, mashine haiahidiwi hivyo. Mashine ya LTO-8 inasoma LTO-8 na LTO-7 tu, ukiipelekea LTO-6 haiisomi. Yaani mwisho utakuwa na kanda nzima huna pa kuichomeka. Wenye mamia ya TB wanaimudu, wewe itakutesa.

Ningekuwa wewe ningechukua diski tatu za TB 4, hard disk za kawaida za sahani sio SSD za chipu (SSD ikikaa kabatini bila umeme muda mrefu chaji inavuja na data inaondoka nayo), na zisitoke kampuni moja, maana diski za toleo moja zinaweza kufa pamoja. Mbili zichomeke kwenye kompyuta yoyote ya mezani iliyotumika, weka TrueNAS, mfumo wa bure wa kuigeuza kompyuta kuwa NAS, zikae kioo kwa kioo (kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine) kwenye ZFS, mfumo wake wa kupanga mafaili kwenye diski. Utamu wa ZFS ni kwamba kila kipande cha data kina alama yake ya uhakiki, ukiendesha scrub mara moja kwa mwezi inapitia diski nzima, ikikuta kipande kimeoza inachukua kizima kutoka diski ya pili inarekebisha yenyewe. Nunua na UPS, na radi za huko zikianza chomoa kila kitu ukutani.

mkutubi_msa (Mombasa)

Naungana na fundi kwa hesabu ila hapo kwa ZFS nina wasiwasi. Windows haisomi ZFS. Leo huyo kijana wako yupo, kesho apata kazi Dar ahama, wewe au nduguzo mkichomoa ile diski muiweke kwa laptop itawaambia diski haina kitu, muiformati? Na mtu akibonyeza ndiyo, kwisha. Nimefanya kazi maktaba miaka mingi, mafaili niliyoona yakipotea mengi yalipotea kwa sababu aliyejua alikuwa mmoja.

Kitu cha pili, zile diski mbili za kioo ni nakala MOJA. Ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kuwili papo hapo, mwizi akibeba kompyuta amebeba zote.

fundi_seva

Mkutubi hapo umesema kweli, nakubali. Basi ZFS ibaki ya pale nyumbani tu, ile diski ya tatu na nyingine zozote za kabatini ziformatiwe exFAT au NTFS ambazo kompyuta yoyote inafungua, na uhakiki ufanyike kwa SHA-256. Hiyo ni kama alama ya kidole ya faili, ikibadilika hata herufi moja ndani, alama inakuwa tofauti kabisa. Na msifunge kwa nywila, ufunguo ukipotea ni sawa na diski imeungua.

mkutubi_msa (Mombasa)

Sawa kabisa. Kwa hizo alama dada tumia BagIt, wameitengeneza Library of Congress na wenzao wa California na maelezo yake yalichapishwa 2018 kama RFC 8493, waraka wa wazi wa wahandisi wa intaneti. Usiogope jina, ni folda tu: ndani kuna folda ya data yenye mafaili yako, pembeni kuna faili la maandishi la kawaida lenye orodha ya kila faili na alama yake. Hata programu ikifa, orodha yasomeka kwa Notepad. Kuna watakaokuambia Archivematica, programu ya kuhifadhi mafaili ya kidijitali, ni nzuri mno lakini ni ya taasisi yenye mtu wa kukaa na seva, usijitwike.

Lakini kinachonitia hofu zaidi sio diski, ni majina. Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay 1928 ukiiokota moja leo waona kwenye lebo mwimbaji ni nani na wimbo gani. Sasa wewe utakuwa na mafaili 800 yaitwayo upande_A na upande_B, nani atajua hii ni harusi ya nani? Kaa na wazee walio hai SASA, wasikilizeni pamoja, andika kwa jedwali la CSV (jedwali la maandishi matupu): harusi ya nani, mtaa gani, mwaka, kundi lipi, nani apiga udi, nani apiga fidla. Na maandishi ya baba kwenye kile kikaratasi cha kaseti yapigeni picha. Na tafadhali msitupe kaseti yoyote tena hata ikishahamishwa, ziwekeni kwa boksi la plastiki lenye mfuniko na pakiti za silika.

Zile za ukungu zitengeni na usizicheze kwa deki hiyo hiyo, ukungu wahamia kwa nyengine. Zikaushwe kwanza na anayezisafisha avae barakoa.

mswahili_muscat

Salaam aleikum dada yangu. Usiende YouTube kama ghala, wanaibana sauti, unachoshusha baadaye sio ulichopandisha, na akaunti inaweza kufungwa. MySpace 2019 walikiri nyimbo na picha za miaka iliyopita zimepotea wakati wa kuhamisha seva, watu walidhani ziko salama kwa vile ni kampuni kubwa. Klaudi ya kulipia ni nzuri kama nakala ya ziada ila siku aliyekuwa analipa akifariki kadi inakataa na hapo saa inaanza kuhesabu.

Kama una ndugu nje ya Tanga mpelekee diski moja. Sisi kwetu nakala moja iko Unguja kwa dada, moja hapa kwangu, kila Ramadhani nikienda nyumbani nakwenda nayo tunahakiki zote mbili na kuongeza mapya. Ina miaka saba sasa, diski moja ilishakufa tukanunua nyingine tukanakili, hatukupoteza hata picha moja.

Na usinunue zile fleshi za TB 2 za bei ya soda, ndani ina GB 32 imedanganywa ionyeshe 2000. Kila kifaa kipya kipitishe kwenye h2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, kabla ya kuweka kitu, inakijaza chote halafu inakisoma upya.

binti_wa_kaseti (Tanga)

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awalipe. Nilikuwa natafuta boksi moja la kudumu kumbe nilikuwa narudia kosa lile lile la 2021. Nimeongea na mdogo wangu wa Mwanza, diski moja itakaa kwake, tutahakiki kila mwaka siku ya hitima ya mzee maana hapo wote tunakuwepo. Diski zikifika miaka mitano tunabadilisha hata kama ni nzima, tumeshaanza kuchanga.

Swali la mwisho: humo kuna harusi za watu, sauti zao, mawaidha ya ndani ya kinamama. Naruhusiwa kuweka mtandaoni?

mkutubi_msa (Mombasa)

Hifadhi zote, usichapishe bila idhini ya wenye harusi au watoto wao. Kwa lile jedwali ongeza safu ya ruhusa, na zile za jikoni za kinamama ziandike ni za familia pekee.

binti_wa_kaseti (Tanga)

Nimeiongeza. Shangazi amekubali kuja Jumamosi, ana miaka 81, anasema sauti za wote waliokuwa jikoni siku ile anazijua. Tunaanza na kaseti za 1983.